Yidnekatchew Tessema: Mtu aliyepigania mlango ambao Léopards walipitia

Wazee wa Bunia waliokuwa vijana mwaka 1974 hawajasahau majina yale: Kazadi golini, Mwepu Ilunga nyuma, Kidumu katikati, Kakoko na Ndaye Mulamba mbele. Mwezi wa sita mwaka ule Zaïre ilikuwa Ujerumani Magharibi kwa Kombe la Dunia, nchi ya kwanza ya Afrika ya watu weusi kufika pale. Wengi wanakumbuka magoli tisa ya Yugoslavia, na mpaka leo watu wanacheka juu ya frikiki ile ya Brazil ambayo Mwepu aliupiga mpira mbele kabla haijachezwa.

Lakini ni wachache wanaojiuliza nafasi ile ilitoka wapi. Miaka kumi mbele, Afrika nzima haikuwa na hata nafasi moja yake ya uhakika katika Kombe la Dunia. Nafasi ilipatikana kwa sababu kuna watu walikataa kucheza. Mmoja wao alikuwa Muethiopia aliyejua, toka utoto wake, maana ya kufukuzwa uwanjani juu ya rangi ya ngozi. Jina lake Yidnekatchew Tessema.

Mtoto wa Jimma

Alizaliwa tarehe 11 mwezi wa tisa mwaka 1921, katika muji wa Jimma, kusini-magharibi ya Ethiopia, eneo la kahawa. Waethiopia hawana jina la ukoo kama sisi tunavyozoea: mtu anaitwa jina lake, kisha jina la baba. Kwa hiyo huyu ni Yidnekatchew, mtoto wa Tessema. Na jina Yidnekatchew, kwa Kiamhara, maana yake iko karibu na kusema wacha washangae.

Baba yake, Tessema Eshete, naye alikuwa mtu wa kushangaza. Mfalme Menelik alimtuma Ujerumani mwaka 1908 akajifunze mambo ya motokari. Akiwa kule akaimba, na sauti yake ikawekwa kwenye sahani za muziki, kati ya za kwanza kabisa za Muethiopia. Mtoto alikulia basi katika nyumba ambamo mambo ya ulaya na mambo ya nyumbani yalikaa pamoja. Alisoma Addis Ababa, na kule ndipo mpira ulimshika.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1935, vijana wa kata ya Arada, katikati ya Addis Ababa, walianzisha ekipi wakaiita Saint George, jina la mtakatifu anayeheshimiwa sana kule. Yidnekatchew alikuwa na miaka 14. Hakuna aliyejua kama ekipi ile ya watoto wa mtaa ingedumu hata mwaka mmoja, kwa sababu majeshi ya Mussolini yalikuwa yamekwisha kuvuka mpaka.

Uwanja wenye kuta

Waitalia waliingia Addis Ababa mwezi wa tano mwaka 1936. Walikaa miaka mitano, na katika miaka ile michezo nayo ilitawaliwa. Waethiopia walikatazwa kucheza na ekipi za wazungu. Wao kwao, wazungu kwao. Saint George yenyewe ililazimishwa kuacha jina lake ikaitwa Littorio Wube Sefer. Wube Sefer ni mtaa wa Addis Ababa, na Littorio ni neno la chama cha Mussolini. Hebu fikiri: kijana anavaa jezi ya ekipi yake, na juu ya ekipi ile limebandikwa jina la watu waliovamia nchi yake.

Yidnekatchew alicheza hivyo hivyo. Alikuwa mshambuliaji. Alikuwa anajifunza mpira, na pia alikuwa anajifunza jambo lingine: mtu anayetaka kukudharau hahitaji kukupiga, inatosha akuambie uwanja huu si wa watu kama wewe.

Mwisho wa utawala ule unatugusa na sisi Wakongomani. Mwaka 1941, askari wa Force Publique kutoka Congo walivuka Sudan wakapigana Asosa, Gambela na Saïo, magharibi ya Ethiopia, na jenerali Gazzera akajisalimisha mbele yao mwezi wa saba. Watu wa Bukavu wanaopita kila siku mbele ya kambi Saïo wanapita mbele ya kumbukumbu ya vita ile. Mfalme Haile Selassie alikuwa amerudi Addis Ababa tarehe 5 mwezi wa tano. Saint George ikachukua tena jina lake.

Shampiona ya ekipi tano

Baada ya vita Addis Ababa ulikuwa muji wa makabila ya dunia. Kulikuwa Waarmenia, Wagiriki wa biashara, Waitalia waliobaki, na askari Waingereza waliokuja kusaidia kujenga jeshi. Kila jamii ilikuwa na ekipi yake. Waitalia walikuwa na Fortitudo, Waarmenia walikuwa na Ararat, Wagiriki walikuwa na yao, Waingereza walicheza kwa jina la misioni yao ya kijeshi, BMME. Waethiopia walikuwa na Saint George.

Swali lilikuwa moja: je, kila mtu aendelee kucheza kwao, au wakutane? Yidnekatchew na wenzake walichagua kukutana. Mwaka 1943 palianzishwa ofisi ya kuongoza michezo, na yeye, kijana wa miaka 22 ambaye bado anacheza, akawa ndani ya uongozi. Alitafsiri kanuni za mpira katika Kiamhara. Kazi ile inaonekana ndogo, kumbe ndiyo msingi. Kanuni ikiwa katika lugha ya mzungu peke yake, kila mabishano uwanjani yanamalizwa na mzungu. Ikiwa katika lugha yako, unaweza kusimama mbele ya mwamuzi na kumuonyesha ukurasa.

Mwaka 1944 shampiona ya kwanza ikachezwa: ekipi tano, muji mmoja, kanuni moja. Haikuwa shampiona ya kulipwa. Wachezaji walikuwa wanafunzi, makarani, wafanya biashara, askari. Na kombe la kwanza hawakulichukua Waethiopia, walilichukua Waingereza wa BMME. Saint George ilibidi ingoje. Miaka iliyofuata mambo yalikwenda kwa kusuasua, ekipi ya jeshi ikapata nguvu, ekipi za Eritrea zikaingia, na ni mwaka 1950 tu Saint George iliposhinda shampiona kwa mara yake ya kwanza.

Kwa Yidnekatchew kupoteza mbele ya Waingereza halikuwa jambo la aibu. La maana ni kwamba Muitalia wa Fortitudo, ambaye miaka michache mbele sheria yake ilimkataza Muethiopia kukanyaga uwanja mmoja naye, sasa alipaswa kuja kwa saa iliyopangwa, kukubali firimbi ile ile, na kuhesabiwa pointi sawa na wengine. Akishinda, ameshinda. Akifungwa, amefungwa.

Yidnekatchew aliichezea Saint George kwa miaka zaidi ya ishirini. Hesabu inayotajwa ni mechi 365 na magoli 318. Aliichezea ekipi ya taifa mara 15. Na wakati huo huo alikuwa kiongozi wa federasyo. Leo mambo kama hayo yangeleta maneno mengi: mchezaji wa ekipi moja anakaa vipi ofisini anapanga shampiona ya wote? Lakini wakati ule watu waliojua kazi ile walikuwa wachache, na yeye alibeba yote mawili mpaka mguu ulipochoka.

Khartoum, 1957

Mwezi wa pili mwaka 1957, wajumbe wa nchi nne walikutana Khartoum, Sudan, kuunda shirikisho la mpira wa Afrika, lile tunaloliita CAF. Nchi zenyewe ni Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini. Afrika nyingine karibu yote, Congo nayo, ilikuwa bado chini ya wakoloni. Yidnekatchew alikuwa mjumbe wa Ethiopia.

Pamoja na mkutano palipangwa Kombe la Afrika la kwanza, ekipi nne tu. Ethiopia ilipangwa kucheza na Afrika Kusini. Hapo ndipo shida ilitokea. Wazungu wa Afrika Kusini walisema wataleta ekipi ya wazungu watupu ao ya weusi watupu, kwa kuwa sheria ya nchi yao haikubali kuchanganya.

Kwa mtu mwingine ingeweza kuonekana kama jambo la kusuluhisha: walete weusi basi, mpira uchezwe. Kwa mtu aliyechezea Littorio Wube Sefer, hakukuwa na la kusuluhisha. Wajumbe wa Misri, Sudan na Ethiopia walikataa. Afrika Kusini ikaondolewa mashindanoni. Ethiopia ikapita bila kucheza mpaka fainali, na kule Misri ikaifunga magoli 4 kwa 0, yote manne ya mtu mmoja, Ad-Diba. Kwa matokeo, Ethiopia ilirudi nyumbani na aibu. Lakini CAF ilizaliwa na msimamo, na msimamo ule Yidnekatchew aliulinda miaka thelathini.

Ushindi wa 1962

Miaka mitano baadaye Kombe la Afrika lilikuja Addis Ababa. Yidnekatchew, sasa ana miaka 40, alikuwa kwenye benchi kama kocha. Ethiopia iliifunga Tunisia 4 kwa 2 na kuingia fainali, tarehe 21 mwezi wa kwanza 1962, mbele ya wale wale Wamisri.

Wamisri walitangulia. Ethiopia ikasawazisha dakika ya 74, na dakika moja tu nyuma yake Wamisri wakafunga tena. Zilibaki dakika sita mchezo umalizike wakati kapiteni Luciano Vassallo aliposawazisha. Katika dakika za nyongeza, ndugu yake Italo Vassallo akafunga la tatu, na Mengistu Worku akafunga la nne. Ethiopia 4, Misri 2. Haile Selassie mwenyewe alimpa Luciano kombe.

Hao ndugu wawili, Luciano na Italo, walikuwa watoto wa Asmara, mama Mueritrea, baba Muitalia. Kocha ambaye Waitalia walimkataza kucheza na wazungu, alichukua kombe la Afrika kwa magoli ya vijana wenye baba Muitalia. Hakuwa mtu wa kulipiza kisasi kwa damu ya mtu. Alichochukia ni ukuta.

Kukataa kucheza

Sasa turudi kwa mlango wa Léopards.

Kwa Kombe la Dunia la 1966 kule Uingereza, FIFA ilipanga ekipi 16. Ulaya ilipewa nafasi nyingi kabisa. Afrika, Asia na Oceania, yote pamoja, waliwekewa nafasi moja. Maana yake: ekipi ya Afrika ishinde Afrika nzima, kiisha ikapambane tena na mshindi wa Asia. Juu ya hayo, FIFA ilikuwa imeirudisha Afrika Kusini ya ubaguzi mwaka 1963, baada ya kuisimamisha mwaka 1961.

Ohene Djan wa Ghana alipaza sauti, Rais Kwame Nkrumah akamuunga mkono, na Yidnekatchew akasimama pamoja nao ndani ya CAF. Uamuzi ukatoka: kama Afrika haipewi nafasi yake yenyewe, Afrika haichezi. Nchi za Afrika zikajiondoa katika mechi za kufuzu.

Uamuzi ule ulikuwa na bei. Ghana ilikuwa bingwa wa Afrika 1963 na 1965, ekipi ya wachezaji wakubwa, na wengi wao hawakuonja kamwe Kombe la Dunia. Mchezaji ana miaka michache tu ya mguu. Kumuambia kijana wa miaka 25 asubiri miaka minne juu ya heshima ya bara, si jambo jepesi, na wale waliomuambia walijua hivyo.

Lakini FIFA ilisikia. Mwaka 1964 ilisimamisha tena Afrika Kusini. Na kwa Kombe la Dunia la 1970, Afrika ikapewa nafasi moja kamili. Morocco ikaenda Mexico. Kwa lile la 1974, nafasi ile ile ikagombewa tena, na mwezi wa kumi na mbili 1973, kule Kinshasa, Zaïre ikaipiga Morocco 3 kwa 0. Hivyo ndivyo Ndaye, Kakoko na wenzao walivyofika Ujerumani. Walipita katika mlango ambao wengine waliusukuma bila kupita wao wenyewe.

Congo nyumbani kwake

Yidnekatchew na mpira wa Congo walikutana mara nyingi, na si kila mara kwa furaha yake.

Mwaka 1964 CAF ilianzisha kombe la vilabu mabingwa. Englebert ya Lubumbashi, ile leo tunaiita TP Mazembe, ililichukua 1967 na 1968. Lile la 1967 lilikuwa na kituko: Englebert na Asante Kotoko ya Ghana walitoka sare mara mbili, mechi ya tatu ikapangwa Cameroun, lakini ujumbe haukuwafikia Kotoko. Kotoko hawakuonekana, Englebert wakapewa kombe. Hivyo ndivyo mpira wa Afrika ulivyokuwa: barua ikipotea, fainali imepotea.

Mwezi wa kwanza 1968, Kombe la Afrika lilirudi Ethiopia. Congo-Kinshasa ilicheza makundi Asmara, ikaifunga Congo-Brazzaville, ikafungwa na Ghana, ikaishinda Senegal. Kiisha, nusu fainali, Addis Ababa, dhidi ya wenyeji. Waethiopia walitaka kurudia ya 1962. Mechi ilikwenda mpaka dakika za nyongeza, na Congo ikatoka na 3 kwa 2. Fainali ilichezwa tarehe 21 mwezi wa kwanza, siku na mwezi ule ule ambao Ethiopia ilishinda miaka sita mbele. Kalala akafunga goli moja dhidi ya Ghana, likatosha. Kombe la Afrika la kwanza la Congo lilinyanyuliwa katika muji wa Yidnekatchew, baada ya kuwafunga watu wake.

Raisi wa CAF

Mwaka 1972 alichaguliwa raisi wa CAF. Mwaka mmoja mbele alikuwa ameingia kamati ya kimataifa ya Olimpiki. Alikuwa raisi wakati Zaïre ilipochukua kombe lake la pili kule Misri, mwezi wa tatu 1974, Ndaye akifunga magoli 9, rekodi ambayo haijavunjwa. Na alikuwa raisi mwezi wa sita wa mwaka ule, Zaïre ilipofungwa mechi tatu Ujerumani bila kupata hata goli moja. Kwa waliosema Afrika haifai kupewa nafasi, magoli 14 yale yalikuwa zawadi. Kwa kiongozi aliyeipigania ile nafasi, yalikuwa kazi mpya: kuomba zaidi wakati watu wanacheka.

Akaomba zaidi. Kongamano la FIFA lilifanyika Frankfurt siku chache kabla mashindano hayajaanza, na kura za Afrika zilisaidia kumuangusha Muingereza Stanley Rous, aliyeilinda Afrika Kusini kwa miaka mingi, na kumuweka Mbrazil João Havelange aliyeahidi nafasi zaidi. Mwaka 1976, wiki chache baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi, FIFA iliifukuza Afrika Kusini moja kwa moja. Na mwaka 1982, Kombe la Dunia lilipopanuliwa kuwa ekipi 24, Afrika ilikuwa na nafasi mbili. Algeria na Cameroun zilikwenda Hispania, na kule Algeria ikawafunga Wajerumani.

Si kila alichotaka kilifanyika. Alipinga sana wachezaji wa Afrika kuchukuliwa ulaya wakiwa vijana. Aliona ekipi za nyumbani zitabaki viwanja vitupu na shampiona zisizo na watu. Wachezaji wengi hawakumuelewa, na ni haki yao: mtu anayelipwa vizuri Ufaransa ana mama wa kulisha nyumbani. Vilabu vya ulaya vilishinda katika jambo lile. Lakini anayekwenda leo kuangalia mechi ya shampiona ya mtaa, siku moja na mechi ya ulaya kwenye televisheni, anajua woga wake ulikuwa na sababu.

Nyumbani kwake pia dunia iligeuka. Mwaka 1974 askari walimpindua Haile Selassie, na Ethiopia ikaingia katika miaka ya damu. Wengi waliofanya kazi chini ya mfalme waliuawa ao walikimbia. Yeye alibaki kazini, akaendelea kuiongoza CAF.

Ambacho hakukiona

Yidnekatchew Tessema alikufa tarehe 19 mwezi wa nane mwaka 1987, amebakiza siku chache kutimiza miaka 66, akiwa bado raisi wa CAF. Hakuiona Cameroun ikifika robo fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1990. Hakuiona Afrika Kusini ikirudi mwaka 1992, na ekipi moja ya weusi na wazungu, kama alivyodai Khartoum miaka 35 mbele. Ekipi ile ilichukua Kombe la Afrika mwaka 1996.

Kwa Kombe la Dunia la 2026, Afrika imepewa nafasi 9 za moja kwa moja. Uwanja wa zamani wa Addis Ababa umepewa jina la Yidnekatchew. Na Saint George, ile ekipi ya watoto wa Arada ambayo wavamizi waliibadilisha jina, bado inacheza kwa jina lake la kwanza.